Ukuu wa Mungu uko kwenye mlima tu? Niliyoyaona Kituku saa kumi na moja alfajiri (uzi mrefu)

#1 MamaSambaza (mwanzisha uzi)

Bwana asifiwe, wapendwa. Niko Goma, nauza sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka apite tu, hatutagombana.

Jumapili iliyopita tulikuwa na mhubiri mgeni. Akainua mkono kuelekea Nyiragongo, mlima wetu wa volkano (ukuta ule hauna dirisha, lakini mtu wa Goma anajua mlima uko upande gani hata akiamshwa gizani), akasema: mkitaka kuujua ukuu wa Mungu, tazameni kule. Kanisa zima vigelegele. Na mimi nilipiga, tena kwa nguvu. Jioni, nikichambua maharage mlangoni, ndipo swali likanijia: mbona kila anayetuhubiria ukuu ananyoosha kidole kulekule? Mlima ukinyamaza miaka kumi, ukuu nao umelala?

Niwape kisa kilichonifanya niulize.

Mimi huamka saa kumi. Saa kumi na moja niko Kituku, soko letu la kando ya ziwa, na basini langu, pamoja na akina mama wengine, tunasubiri wavuvi. Asiyewahi kuiona saa ile sijui nimweleze vipi. Ziwa bado jeusi, na huko mbali kuna taa, taa, taa, kama mji mwingine umejengwa juu ya maji usiku huo huo. Kisha zinaanza kuzimwa moja moja. Halafu unasikia wimbo kabla hujaona mtumbwi. Mitumbwi yetu ya sambaza huenda mitatu mitatu, imefungwa pamoja kwa miti mirefu inayochomoza mbele na nyuma, na wapiga kasia wanaimba ili mikono iende sawa. Mmoja anaanza, wengine wanaitikia. Siku mvuvi mwenye sauti mbaya akiongoza, tunacheka sote.

Siku hiyo nimeshapewa bei, na bei ilikuwa mbaya. Naingiza mkono kwenye basini kuangalia kama samaki ni wa usiku huo au wamechanganya na wa jana. Mmoja akabaki kiganjani, bado anaruka. Jua ndiyo linatoka upande wa Gisenyi. Nikamuona.

Jamani, nimeuza sambaza miaka 14. Nauza kwa kopo. Sijawahi kuuza mmoja, basi sijawahi kumtazama mmoja. Urefu wa kidole. Mgongo kama kijani, kama buluu, inategemea umemgeuza vipi. Ubavuni fedha tupu, na ile fedha inabaki kwenye ngozi yako ukimwachia. Jicho kubwa kuliko kichwa kinavyostahili, na limezungukwa na pete nyembamba ambayo sonara wa Birere hawezi kuikata hata umpe mwezi mzima. Na mule ndani ya basini wako maelfu, kila mmoja na pete yake, na wote wanakwenda kuliwa na bugali mchana!

Nilisimama sijui muda gani. Mvuvi akaniita: “Mama, unanunua ao unasali?” Akina mama wakacheka. Sikuwa na jibu. Nikalipa bei yake bila kubishana, na hilo halijawahi kutokea tangu nianze kazi.

Nikiwa njiani nikamkumbuka Petro. Someni Luka 4 halafu Luka 5, msiruke. Katika sura ya 4 Yesu anaingia nyumbani kwa Simoni, anamponya mama mkwe wake homa. Muujiza ndani ya nyumba yake mwenyewe! Hatuambiwi kwamba Simoni alianguka. Sura ya 5, anavua samaki baada ya usiku mzima wa bure, na hapo ndipo anapiga magoti: ondoka kwangu, Bwana, mimi ni mtu mwenye dhambi. Mbele ya samaki! Kitu alichokishika tangu utoto, alichokijua bei yake na harufu yake. Mimi naona homa ya mkwe ilikuwa mbali na kazi yake. Samaki ndio walikuwa hesabu yake, na pale alijua vizuri kabisa kwamba hesabu ile haitoki kwake.

Sasa naomba mniambie. Ninyi kwenye kazi zenu, mmewahi kusimama hivyo?

#2 FundiMawe

Dada, umenigusa. Mimi ni mwashi, niko upande wa Ndosho, nimepasua mawe ya volkano tangu nikiwa kijana. Wageni wanadhani jiwe letu ni zito kama sura yake. Lipasue uone. Ndani limejaa vitundu, kama andazi lililoumuka vizuri. Mwalimu wangu wa ufundi aliniambia vile vitundu ni hewa iliyokuwa inatoka wakati jiwe bado uji, likaganda kabla haijamaliza kutoka. Kwa hiyo kila siku napasua pumzi ya tarehe 17 Januari 2002. Mwaka ule moto ulipita katikati ya mji, ukala maduka, ukaingia uwanja wa ndege, ukamaliza kanisa kuu la Wakatoliki, ukatelemka mpaka ziwani. Leo nyumba nyingi za mjini zimesimama juu ya mawe yaleyale. Na simenti inalipenda jiwe hilo, inaingia kwenye vitundu na kushika. Lililotuchoma ndilo linalotubeba.

Kitu kingine ambacho wengi hawaangalii. Jiwe likikaa bila kuguswa, kwanza linaota ukungu wa kijivu, mkavu, ukiugusa unavunjika. Baadaye kwenye ufa vinatoka vijani kama manyoya ya ndege. Hakuna udongo pale, jiwe tu! Nimeona muhogo wa jirani unasimama mahali ambapo nikiwa mtoto kiatu kiliyeyuka.

Sijawahi kusema hayo kanisani. Nikipewa kipaza sauti nashukuru kwa uzima tu nakaa.

#3 MgeniWaMwanza

Wakuu, salamu kutoka Mwanza. Uzi mtamu. Sambaza ndio dagaa au? Na Mama, tusamehe, lakini kumwona Mungu kwenye dagaa… mbona huku kwetu dagaa wanatuletea njaa tu ya kuwala. 😂

#4 MwalimuWaHimbi

Ndugu wa Mwanza, ni jamaa ya dagaa, lakini si wa Victoria. Asili yao ni Tanganyika. Nafundisha jiografia, ruhusa kidogo.

Ziwa Kivu halikuwa na sambaza. Mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa Wabelgiji, vifaranga vililetwa kutoka Tanganyika. Walikusudia hasa aina moja, wakaleta na nyingine pamoja nayo. Ile waliyoitegemea ikashindwa. Hii nyingine ndiyo ikakaa, na leo inalisha Goma, Bukavu na Gisenyi.

Sasa sikilizeni linaloninyima usingizi mimi. Kivu lina kina cha zaidi ya mita 480, lakini hewa ya samaki kupumua ipo kwenye mita 60 hivi za juu, wakati mwingine pungufu. Chini ya hapo hakuna samaki. Na chini kabisa, ndani ya maji yenyewe, kumeyeyuka gesi: kaboni dioksidi kama kilomita za ujazo 300, na methani kama 60. Haitoki kwa sababu maji ya chini yana chumvi nyingi na ni mazito, yamelala kwa tabaka, hayapandi, na uzito wa maji ya juu umeyakalia. Kule Kameruni, ziwa dogo la Nyos lilifumuka usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, watu kama 1,700 wakafa kwa gesi. Letu ni kubwa mno kuliko lile. Upande wa Rwanda wanaivuta hiyo methani kuzalisha umeme.

Kwa hiyo chakula cha jioni cha mji mzima kinaogelea kwenye karatasi nyembamba ya maji iliyotandazwa juu ya kifo. Kila nikifundisha somo hilo nachora mstari ubaoni, juu samaki, chini gesi. Wanafunzi wananyamaza. Wakolosai 1:17, vitu vyote hushikana katika yeye. Niliimba mstari huo miaka mingi kabla sijajua Kivu linashikana vipi.

#5 KijanaWaKwaya

Mwalimu umeharibu 😂 Kumbe sambaza kaletwa na Mbelgiji! Mama yetu amepiga magoti kwa kazi ya mkoloni.

#6 MamaSambaza

Mwanangu, Mbelgiji alileta ndoo. Tena Mwalimu amesema, aliyemtegemea akashindwa, aliyekuja kwa kusindikiza ndiye akashika nchi. Hapo mimi naona mambo ya Daudi aliyeachwa machungani akilisha kondoo wakati kaka zake wanapangwa mbele ya Samweli. Mzungu alipanga samaki mmoja, Kivu likajaa mwingine. Na ile pete ya jicho aliichora nani, Brussels?

Mwalimu, aksanti, ila leo asubuhi nimeshindwa kunawa uso ziwani kwa sababu yako. Nimesimama na bidoni (dumu la maji) nafikiria mita 60. Nilizoea kusema “Mungu ni mkuu” kama tunavyosema wote, pikipiki ya abiria ikipatikana haraka Mungu ni mkuu, mvua ikikatika Mungu ni mkuu. Leo limenitoka lenyewe, taratibu, na sikulipenda lilivyonitisha.

Ndiyo maana nasema wahubiri wetu wanatupunja. Wanatuonyesha ukuu unaonguruma. Eliya pale Horebu alipata upepo wa kuvunja miamba, akapata tetemeko, akapata moto. Sisi Goma vyote vitatu tunavijua kwa majina. Bwana hakuwamo. Halafu sauti ndogo, ya utulivu, na hapo ndipo mzee akafunika uso wake kwa vazi. Uso haukufunikwa kwa moto! Ulifunikwa kwa utulivu. (Na wenye spika za kukesha karibu na kwangu wasome hapo mara mbili.)

#7 MgeniWaMwanza

Mama, nafuta kicheko changu cha juu. Nimesikia pia habari za mazuku huko kwenu. Ni nini?

#8 FundiMawe

Mazuku ni hewa mbaya inayotoka ardhini, kaboni dioksidi ileile ya Mwalimu. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inalala mabondeni na kwenye mashimo, hasa upande wa barabara ya Sake. Haionekani. Mbuzi anaingia shimoni kula majani, anapiga magoti, haamki. Wewe umesimama kando yake unapumua salama, kwa sababu pua yako iko juu. Upepo ukivuma inatawanyika. Mtoto wa huku anafundishwa mapema: asubuhi na mapema usiteremke shimoni kufuata mbuzi.

Nilikuwa na mbuzi watatu. Sasa nina mmoja.

#9 MwanaWaBuhene

Nimesoma tangu juzi nikasema ninyamaze. Nimeshindwa.

Jumamosi tarehe 22 Mei 2021 jioni tulikuwa tunasubiri chakula. Hakuna aliyetuonya. Anga ikawa nyekundu, mke wangu akabeba mdogo, mimi nikashika wakubwa wawili mikono. Sikufunga mlango, na nilipokumbuka mlango nilicheka barabarani kama mwendawazimu. Nyumba niliijenga miaka tisa, bati moja moja. Niliporudi sikupata hata mahali pa kusema hapa palikuwa na kizingiti. Nilipata bati limekunjamana kama karatasi ya andazi.

Watu wa kanisa walikuja kutusalimia. Mmoja akaniambia, ndugu, Mungu ameonyesha ukuu wake. Mwingine akasema mji umezidi dhambi. Wa pili huyo nyumba yake ilikuwa nzima.

Sasa ninyi hapa mnaniambia vitu vyote hushikana katika yeye. Vizuri. Siku ile mkono ulichoka? Sitafuti ugomvi. Nataka mtu anijibu.

#10 KijanaWaKwaya

Pole sana kaka. Lakini kumbuka Mungu hampi mtu jaribu kuliko uwezo wake. Kila jambo lina sababu yake. Mshukuru kwa kuwa hai.

#11 FundiMawe

Wewe kijana, kaa chini. Kwa upendo.

#12 MamaSambaza

Baba wa Buhene, nilisoma jana usiku nikaandika majibu mara tatu, nikafuta mara tatu. Sina jibu la swali lako. Nakuandikia hata hivyo.

Kwanza, aliyekuambia habari za dhambi za mji amekukosea, na Bwana mwenyewe alishalizungumza. Luka 13: mnara wa Siloamu ulianguka ukaua watu 18, akauliza, mnadhani hao walikuwa na makosa kuliko wote wa Yerusalemu? Akajibu mwenyewe, sivyo. Hilo ningependa libandikwe kwenye mlango wa kila kanisa la Goma, lisomwe kabla ya kwenda kutembelea wafiwa.

Pili, rafiki zake Ayubu. Walikaa naye chini siku saba, hawakusema neno. Hapo walikuwa rafiki. Walipofungua vinywa kueleza sababu ndipo walipoharibu, na mwishoni Mungu akawakasirikia wao, Ayubu aliyelalamika akatetewa. Na Mungu alipomjibu Ayubu hakumpa sababu. Alimtembeza. Akamwonyesha ghala za mvua ya mawe, mbuzi wa milimani anavyozaa bila mkunga, mbuni anayesahau mayai yake mchangani. Nilikuwa naona ni jibu la kukwepa. Siku hizi sijui. Mtu aliyepoteza kila kitu anaonyeshwa mbuzi anazaa. Labda Ayubu naye alikuwa hajamtazama mbuzi miaka mingi, alikuwa anawahesabu kwa maelfu kama mimi na kopo langu. Hilo halirudishi bati lako hata moja, najua.

Nikuambie langu. Tarehe 27 Mei, ile asubuhi tulipoamriwa kuhama, ardhi bado inatetemeka kila saa, nilitembea kwenda Sake na mama yangu na watoto. Barabara nzima watu, magodoro kichwani, chukudu (zile baiskeli zetu za mbao za kusukuma) zimebeba wazee. Usiku ukatukuta, mvua. Bibi mmoja tusiyemjua akafungua jiko lake la nje. Tulilala humo watu 14. Asubuhi nikamuona anasimama mlangoni anahesabu vichwa vyetu kwa kidole, kimyakimya. Halafu akaingia ndani, akatoka na kopo la maharage, moja. Akalitazama. Akahesabu vichwa tena, kama vile labda tumepungua. Kisha akaweka sufuria.

Siku ile nilikuwa nimejaa mlima kichwani, sikuona kitu. Miezi baadaye ndipo nilifika Isaya 40. Mstari wa 12 unauliza ni nani aliyepima maji kwa konzi ya mkono wake, akapima milima kwa mizani. Mimi ni mtu wa vipimo, mstari huo nimeupenda tangu zamani. Lakini sikuwahi kuutazama mstari wa 11 ulioutangulia: anakusanya wana-kondoo kwa mkono, anawachukua kifuani, wanaonyonyesha anawaongoza polepole. Mkono unaopima Nyiragongo ni huohuo unaohesabu vichwa mlangoni mwa jiko. Tangu hapo siwezi kusikia neno ukuu bila kuona kile kidole cha bibi.

Kwa nini Mungu hakuuzuia moto Buhene, sijui, na nikikuambia najua nitakuwa naongeza tabaka juu ya maumivu yako. Lia naye, mgombeze. Zaburi zimejaa watu wanaomgombeza na hakuna aliyezitoa kwenye Biblia.

#13 MwalimuWaHimbi

Naongeza moja tu, na si la kufariji. Lava ya Nyiragongo ina silika kidogo, kwa hiyo ni nyepesi, inakimbia. Mwaka 1977 ilitelemka kwa kasi ambayo gari la hapa kwetu lisingeweza kuikimbia kwenye barabara zetu. Mwaka 2021 ilifika Buhene ikasimama kabla ya uwanja wa ndege. Kwa nini ilisimama pale na si mita chache kabla ya mlango wa ndugu yetu, wataalamu wanaweza kueleza mteremko na wingi wa uji. Mimi darasani naeleza hivyo. Nikirudi nyumbani naeleza hivyohivyo, halafu napiga magoti, na sioni kwamba kimoja kinafukuza kingine.

#14 KijanaWaKwaya

Kaka wa Buhene, nisamehe. Nilisema nilichozoea kusema.

Mama, basi tupe hatua. Mtu afanye nini kila siku ili auone ukuu wa Mungu? Nataka nishirikishe kwenye kipindi cha vijana Jumamosi.

#15 MamaSambaza

Umeniomba hatua, mwanangu, mimi sina hatua. Nina samaki. Kila asubuhi kabla sijachovya kopo la kwanza namtoa mmoja, namtazama. Mmoja tu. Waliobaki nauza. Kuna siku namtazama na sioni chochote, nina usingizi, miguu inauma, nawaza karo. Namrudisha kwenye basini. Hiyo nayo waambie vijana.

#16 MwanaWaBuhene

Mama, aksanti kwa kutonijibu.

Kwenye kiwanja changu pale, juu ya jiwe, kumetokea yale majani ya manyoya aliyoyasema Fundi. Nilikuwa nayang'oa kila nikipita, sijui kwa nini, hasira tu. Leo nimepita, sikuyang'oa. Sisemi zaidi ya hapo.

Kopo lako ni bei gani siku hizi?

#17 MamaSambaza

Kwako nitaweka na nyongeza. Lakini usije wiki hii. Mwezi ni mzima, taa za wavuvi hazina nguvu mbele yake, samaki hawaji, mitumbwi imelala kando. Njoo mwezi ukianza kupungua, saa kumi na moja, uje na sweta. Pale Kituku uliza mama aliyelipa bila kubishana, watakuonyesha, bado wananicheka.